Programu ya Windows kwenye Linux: Namna ya kuitengenezea ikoni ya kubofya

Mwenye steshenari kaenda Dar kufuata tona na karatasi. Dukani kabaki msaidizi wake. Anaingia mwalimu, ameshika flashi, anataka ratiba ya vipindi irekebishwe na kuchapwa kabla ya kengele ya kesho asubuhi.

Programu ya ratiba imo ndani ya kompyuta na ni nzima. Shida ni kwamba msaidizi haioni. Kwenye dekstopu hakuna cha kubofya, kwenye menyu hakuna jina lake, na bosi yuko ndani ya basi, simu haipatikani. Mwalimu anasubiri kidogo, kisha anaondoka.

Hiyo ni picha tu ya kuelezea jambo, lakini ni hali inayoweza kumkuta yeyote Mbwara, Ikwiriri, Kibiti au kokote ambako kompyuta moja inahudumia kijiji kizima na fundi yuko mbali. Mwenye kompyuta akihamia Linux, programu zake za Windows anaweza kuendelea kuzitumia. Ila asipoziwekea ikoni, anayezifahamu ni yeye peke yake.

Na dawa yake ni faili moja dogo la maandishi, lenye mistari isiyozidi 10.

Kwa nini watu wanahama sasa

Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, bado zinawaka kama kawaida. Kilichokoma ni marekebisho ya bure ya usalama, isipokuwa kwa watumiaji wa kawaida waliojisajili kwenye mpango wa kuongezewa muda hadi Oktoba 2026.

Windows 11 nayo ina masharti. Inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel Core inataka prosesa za kizazi cha 8 kwenda mbele. Sasa angalia mashine nyingi za mtumba aina ya Dell, HP na Lenovo zilizojaa madukani na maofisini: ni za kizazi cha 3, cha 4, cha 6. Ni ngumu, zinadumu, lakini rasmi hazikubaliki.

Linux Mint, kwa mfano, inahitaji RAM ya GB 2 tu ili iwake, ingawa GB 4 ndiyo inayokaa vizuri. Ni bure, na haihitaji mtu kutafuta namba za wizi za kuiamsha. Ndiyo maana mashine ya zamani inapata uhai wa pili humo.

Kinachobaki ni zile programu mbili tatu ambazo mtu hawezi kuziacha: ya ratiba ya shule, ya hesabu za duka, ya kumbukumbu za wanachama wa ushirika wakati wa msimu wa korosho na ufuta. Zimeandikwa kwa ajili ya Windows, aliyeziandika pengine hajulikani alipo, na takwimu za miaka zimo humo.

Wine inafanya nini

Programu inayobeba mzigo huu inaitwa Wine. Kazi yake ilianza mwaka 1993, na toleo la 1.0 lilitoka Juni 2008, miaka 15 baadaye. Haiigizi kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako. Inakaa katikati kama mkalimani: programu ya Windows inaomba dirisha, faili au printa kwa lugha yake, Wine inalitafsiri ombi hilo kwa Linux papo kwa papo.

Anayeona ni mambo ya kubahatisha akumbuke Proton ya kampuni ya Valve, ile inayoendesha michezo ya Windows kwenye kifaa cha Steam Deck. Proton imejengwa juu ya Wine.

Kwenye Linux Mint, fungua Software Manager kisha tafuta wine-installer. Kwenye Ubuntu, fungua terminali na uandike:

sudo apt install wine

Kama programu yako ni ya zamani, ya biti 32, huenda ukahitaji pia mistari hii mitatu:

sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install wine32:i386

Andaa bando la kutosha, mzigo wote ni mamia ya megabaiti. Ukiwa na safari ya sehemu yenye Wi-Fi, hapo ndipo pa kuifanyia kazi hii.

Wine ikishawaka mara ya kwanza, inatengeneza folda iliyojificha iitwayo .wine ndani ya folda yako ya nyumbani. Humo kuna drive_c, ambayo ndiyo Disk C ya bandia. Huioni? Ukiwa kwenye dirisha la mafaili, bonyeza Ctrl na H.

Anza kwa kutazama kama ikoni ipo tayari

Usikimbilie kuandika chochote. Programu iliyokuja na faili la kuisetapu, ukiisetapu ndani ya Wine kwa kubofya Next, Next, Finish, mara nyingi Wine inaiwekea jina kwenye menyu yenyewe. Wakati mwingine inaiweka na kwenye dekstopu. Bonyeza menyu, andika jina la programu, uone.

Kama imetokea, bofya jina hilo kwa kitufe cha kulia cha mausi. Kwenye Mint utapata chaguo la kuipeleka dekstopu, kazi imeisha, endelea na shughuli zako.

Shida inaanza kwa aina mbili za programu. Ya kwanza ni ile isiyosetapiwa, inayotembea kwenye flashi kama folda yenye faili la .exe ndani yake. Hiyo Wine haijui kama ipo. Ya pili ni ile ambayo ikoni ilijitengeneza vizuri, halafu mtu akahamisha folda au akabadilisha jina la akaunti. Ikoni inabaki imekaa, ukiibofya kimya.

Kwa hizo, faili unaliandika mwenyewe.

Jaribu bila ikoni

Tuseme programu inaitwa Ratiba (jina la mfano), na mtumiaji wa kompyuta anaitwa duka. Kama ni folda iliyotoka kwenye flashi, inakili kwanza uiweke ndani ya drive_c, kwenye Program Files. Kuiendesha moja kwa moja kutoka kwenye flashi ni kujitafutia matatizo, siku flashi haipo na programu haipo.

Kisha fungua terminali:

cd "/home/duka/.wine/drive_c/Program Files/Ratiba"
wine Ratiba.exe

Ikifunguka, songa mbele. Isipofunguka hapa, ikoni nzuri kiasi gani haitaifungua, maana kasoro iko kwenye Wine au kwenye programu yenyewe. Watu wengi hupoteza saa nzima wakirekebisha ikoni ya programu ambayo haifanyi kazi tangu mwanzo.

Jambo moja dogo: Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Ratiba.exe na ratiba.exe ni vitu viwili tofauti kwake. Na programu nyingi za biti 32 hukaa kwenye folda iitwayo Program Files (x86), kwa hiyo angalia iko wapi hasa kabla ya kuandika njia.

Faili lenyewe

Fungua programu ya maandishi ya kawaida, ile nyepesi isiyo na mapambo. Kwenye Mint inaitwa Text Editor. Usitumie LibreOffice Writer. Writer hupenda kugeuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zile zilizopinda, na Linux haizitambui hizo zilizopinda. Tahadhari hiyohiyo imhusu anayenakili mistari kutoka kwenye simu au meseji ya WhatsApp: futa alama za kunukuu, ziandike upya kwa kibodi ya kompyuta.

Andika hivi:

[Desktop Entry]
Type=Application
Name=Ratiba
Name[sw]=Ratiba ya Shule
Exec=env WINEPREFIX=/home/duka/.wine wine "/home/duka/.wine/drive_c/Program Files/Ratiba/Ratiba.exe"
Path=/home/duka/.wine/drive_c/Program Files/Ratiba
Icon=/home/duka/.local/share/icons/ratiba.png
Terminal=false
Categories=Office;
Keywords=vipindi;walimu;shule;

Lihifadhi kwa jina ratiba.desktop ndani ya folda hii:

/home/duka/.local/share/applications

Folda hiyo nayo imejificha, Ctrl na H itakuonesha. Baada ya sekunde chache fungua menyu, andika neno ratiba. Inatakiwa itokee.

Muundo huu haukubuniwa na Wine. Ni utaratibu uliokubaliwa kupitia freedesktop.org, na ndiyo maana faili hilihili linafanya kazi Mint, Ubuntu, Debian na kwingineko bila kubadilishwa. Hata ikoni ya Firefox kwenye menyu yako, ukiifuatilia, ni faili la namna hii.

Mistari miwili inayosumbua

Mingi kati ya mistari hiyo inajieleza. Kazi iko kwenye Exec na Path.

Exec ni amri itakayotekelezwa ukibofya. Sehemu ya kwanza, env WINEPREFIX, inaiambia Wine itumie Disk C ipi, maana unaweza kuwa nazo zaidi ya moja. Baada yake ni neno wine, kisha njia nzima ya kufika kwenye programu, ndani ya alama za kunukuu kwa sababu Program Files ina nafasi katikati. Ukizisahau alama hizo, Linux itadhani njia inaishia kwenye neno Program.

Andika njia nzima kuanzia /home. Kwenye terminali umezoea kufupisha kwa alama ya ~ au $HOME, lakini ndani ya faili hili vifupisho hivyo havifanyi kazi. Ni kosa la kawaida kabisa, na linachanganya kwa sababu amri ileile ukiijaribu kwenye terminali inakubali.

Kuna wanaoandika njia kwa mtindo wa Windows, C:\Program Files na kuendelea. Inawezekana, ila ndani ya Exec kila alama ya \ inabidi iandikwe mara nne. Hakuna sababu ya kujitesa hivyo, tumia / na njia ya Linux.

Path watu huuona hauna maana, wanauacha. Mstari huu unasema programu ianze ikiwa imesimama kwenye folda gani. Programu nyingi za zamani hutafuta mafaili yake ya takwimu pale ziliposimama. Bila Path, programu itafunguka vizuri tu, halafu ioneshe ukurasa mtupu au iseme haioni kanzidata.

Hapo ndipo moyo unapopasuka, mtu anaamini kumbukumbu zote zimefutika. Hazijafutika. Mbaya zaidi, baadhi ya programu zikikosa faili la takwimu hutengeneza jipya, tupu, pale ziliposimama. Msaidizi akianza kuingiza taarifa humo, ofisi inajikuta na vitabu viwili vya hesabu ambavyo havijuani. Ukiona ukurasa mtupu baada ya kutengeneza ikoni, usiingize kitu. Funga, angalia Path.

Tofauti na Exec, kwenye Path usiweke alama za kunukuu hata kama kuna nafasi katikati.

Jina la Kiswahili

Mstari wa Name[sw] utaonekana kama kompyuta imewekwa lugha ya Kiswahili. Kama iko kwenye Kiingereza, litaonekana jina la Name, na hapo napo hakuna anayekukataza kuandika Ratiba ya Shule moja kwa moja. Kuiongelesha kompyuta Kiswahili si jambo jipya hapa nchini: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, tangu mwaka 2004.

Keywords ni maneno ya kutafutia. Msaidizi asiyekumbuka kama programu inaitwa Ratiba akiandika vipindi kwenye menyu, inatokea. Weka maneno ambayo watu wa dukani kwako wanayatumia kweli. Kama wenyewe wanaiita "ile ya mwalimu mkuu", weka neno mkuu, hakuna atakayekucheka.

Picha ya ikoni

Ukikosea njia ya picha, ikoni itatokea na alama ya kawaida isiyo na sura, na programu itafunguka vilevile. Lakini kwa mtu aliyezoea kutambua kwa macho, picha ndiyo kila kitu.

Picha halisi imo ndani ya faili la .exe. Kuitoa kunahitaji kifurushi kiitwacho icoutils:

sudo apt install icoutils

Kisha, ukiwa ndani ya folda ya programu:

wrestool -x -t14 Ratiba.exe -o ratiba.ico
icotool -x ratiba.ico

Amri ya pili itatoa picha za PNG za ukubwa mbalimbali. Chagua kubwa kuliko zote, ipe jina ratiba.png, ipeleke kwenye folda ya icons iliyotajwa kwenye faili (kama haipo, itengeneze). Kama .exe ina ikoni nyingi ndani, wrestool inaweza kugoma kuziandika kwenye faili moja. Hapo weka jina la folda iliyopo baada ya -o, utachagua mwenyewe.

Huna bando la kupakua icoutils? Picha yoyote ya PNG ya mraba inafaa. Nembo ya shule iliyopigwa kwa simu na kukatwa vizuri inatosha, na pengine msaidizi ataitambua haraka kuliko ikoni ya kiwandani.

Kuileta kwenye dekstopu, na lile onyo

Nakili ratiba.desktop uipeleke kwenye folda ya Desktop. Hapa kuna kizuizi kidogo. Ubuntu haitaifungua hadi uibofye kwa kitufe cha kulia na kuchagua Allow Launching. Mazingira mengine yatakuuliza kama unaiamini, au yatataka uipe ruhusa ya kutekelezwa:

chmod +x /home/duka/Desktop/ratiba.desktop

Onyo hilo lina sababu, na yeyote aliyewahi kuendesha steshenari ataielewa fasta. Unakumbuka kile kirusi cha flashi kinachoficha mafolda ya mteja na kuweka shotikati zenye majina yaleyale? Mteja anabofya "Picha za Harusi", kumbe anakiamsha kirusi. Faili la .desktop nalo linaweza kubeba jina lolote, picha yoyote, na amri yoyote ndani yake. Ruhusu ulilotengeneza mwenyewe. Lililokuja na flashi ya mteja lifungue kwanza kwa Text Editor, usome Exec inasema nini.

Na kuhama Linux kusikufanye ujiamini kupita kiasi. Wine kwa kawaida ina Disk Z inayoonesha kompyuta yako yote. Kirusi cha Windows ukikiendesha ndani ya Wine kinaweza kuyafikia mafaili yako ya nyumbani. Usiendeshe .exe usiyoijua, na usiendeshe Wine kwa sudo hata siku moja.

Ikoni imekaa lakini haifungui

Kuna kifaa cha kukagua faili lako. Kinapatikana kwenye kifurushi cha desktop-file-utils:

desktop-file-validate /home/duka/.local/share/applications/ratiba.desktop

Kikikaa kimya, faili limeandikwa sawa. Kikisema kitu, kinataja kasoro iko wapi. Ila kifaa hiki kinakagua uandishi tu, hakijui kama folda ulizotaja zipo kweli.

Kwa hiyo hatua inayofuata ni kunakili kila kilichoko baada ya Exec= na kukibandika kwenye terminali. Ujumbe wa kosa uliokuwa unapotea kimyakimya utauona hapo. Mara nyingi ni herufi kubwa iliyoandikwa ndogo, au folda iliyohamishwa.

Kero nyingine: programu inafunguka, lakini chini kwenye upau inatokea ikoni nyingine ngeni badala ya ile uliyobofya. Andika xprop WM_CLASS kwenye terminali, kisha bofya dirisha la programu. Litatokea jina, tuseme ratiba.exe. Ongeza mstari huu kwenye faili lako, ukinakili jina kama lilivyo:

StartupWMClass=ratiba.exe

Na kama baada ya kuweka Wine mafaili ya maandishi yameanza kufunguka kwa Notepad ya Wine, usishtuke. Andika winecfg, nenda ukurasa wa Desktop Integration, ondoa tiki kwenye Manage file associations. Kwa mafaili yaliyokwishaathirika, bofya kulia, chagua Open With, urudishe programu unayoitaka.

Kompyuta moja, akaunti mbili

Hapa wengi hukwama. Bosi ana akaunti yake, msaidizi ana yake. Bosi anatengeneza ikoni, inafanya kazi, anainakili kwa msaidizi. Kwa msaidizi inagoma.

Wine haikubali kutumia Disk C ya bandia inayomilikiwa na mtumiaji mwingine. Itasema folda si yako, basi. Kulazimisha kwa kubadilisha ruhusa za folda hakusaidii.

Njia ni mbili. Ama programu iwekwe kwenye kila akaunti, kila mmoja na faili lake la .desktop lenye njia zake, jambo linalofaa kama programu haina takwimu za pamoja. Au iwepo akaunti moja ya kazi, kama hiyo duka kwenye mfano, ambayo bosi na msaidizi wote wanaingia nayo. Kwa steshenari na ofisi ndogo hii ya pili ndiyo rahisi, na inaepusha kuwa na kumbukumbu sehemu mbili. Mambo binafsi ya bosi yakae kwenye akaunti yake nyingine.

Zisizokubali

Kuna programu ambazo Wine haiziwezi, na ni bora kujua kabla ya kufuta Windows. Zinazodai kifaa cha USB kama ufunguo wa kuzifungua mara nyingi hugoma. Draiva za Windows hazisetapiwi ndani ya Wine. Printa inawekwa upande wa Linux, halafu programu ya Windows inaiona kupitia huko. Microsoft Office za matoleo mapya nazo ni za kubahatisha, na kwa barua na CV LibreOffice inatosha.

Tovuti ya WineHQ ina orodha iitwayo AppDB, ambako watumiaji wameweka matokeo ya majaribio yao. Platinum na Gold ni dalili njema, Garbage maana yake tafuta njia nyingine. Asiyetaka terminali kabisa anaweza kutumia Bottles, ambayo ina kitufe cha kutengeneza ikoni, ingawa ni nzito zaidi kuipakua na inahitaji kupewa ruhusa ya kuandika kwenye folda ya menyu.

Kabla umeme haujakatika

Kila kitu sasa kiko kwenye folda ya .wine: programu, na pengine takwimu zake zote. Ukiinakili kwenye flashi kwa kuburuta tu, baadhi ya viungo vya ndani vitapotea, kwa sababu flashi nyingi hazina uwezo wa kuvihifadhi. Ifungashe kwanza iwe faili moja. Funga programu, kisha:

cd /home/duka
tar -czf ratiba-nakala.tar.gz .wine .local/share/applications/ratiba.desktop .local/share/icons/ratiba.png

Faili la ratiba-nakala.tar.gz ndilo la kupeleka kwenye flashi. Likizidi GB 4 na flashi ni ya mfumo wa FAT32, itagoma, ibadilishe iwe exFAT kwanza, baada ya kutoa vilivyomo.

Siku mashine ikifa, weka Linux na Wine kwenye nyingine, tengeneza mtumiaji mwenye jina lilelile, duka, weka faili hilo kwenye folda yake ya nyumbani, fungua terminali hapo na uandike:

tar -xzf ratiba-nakala.tar.gz

Jina likiwa lilelile, njia zote ndani ya ratiba.desktop zitakuwa sahihi na Ratiba itarudi kwenye menyu ilipokuwa. Likiwa tofauti, itabidi ufungue faili na kurekebisha mistari mitatu: Exec, Path na Icon.